Shukrani kwa Aliyeketi Kulia

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu, tangu ulipovua viatu vyako vya kazi pale mlangoni, ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chakula, na hukuamka. Tumekulilia hadi macho yamekauka. Nisikudanganye: leo naandika nikiwa na uchovu kuliko huzuni. Karani wa kanisa ameomba tangazo hili la kumbukumbu liwe fupi. Atanivumilia.

Miaka ishirini na sita ulipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzako walikuita Mzee Pasi. Ulirudi nyumbani unanuka sabuni, vidole vina alama za kuungua, na bado ulikunja hata karatasi ya mkate kabla ya kuitupa. Nilikutania kwamba mgonjwa mwenye homa haangalii mikunjo ya shuka. Ukanijibu, "Mama watoto, huyo atakayelala hapo ni zawadi ya Mungu kwa watu wake. Nani anafunga zawadi kwa kitambaa kilichokunjamana?"

Nyumbani ulituwekea sheria yako. Asubuhi, kabla mtu hajagusa chai, kila mmoja amshukuru Mungu kwa aliyeketi kulia kwake, na atoe sababu moja, ya jana. Sababu za jumla ulizikataa. "Kwa kuwa ni mama mzuri" haikupita. Watoto wakigombana leo, kesho yake ilikuwa vita ya viti, kila mtu anamkimbia mwenzake. Kitindamimba wetu aliwahi kusema, "Asante Mungu kwa kaka, kwa sababu jana alishinda kwa rafiki yake." Tulicheka hadi chai ikamwagika, nawe ukaamua kuwa sababu ni ya kweli, basi imepita.

Kisha ukamleta mdogo wako. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja na kumwachia maneno machache, yeye aliyekuwa na ulimi kama wembe. Sikuwa nimesahau kwamba siku ya harusi yetu aliwaambia watu umeoa mifupa. Nikakuvuta chumbani, nikakuuliza mzigo huu tutaubeba na nani. Ukasema taratibu, "Kristo kamfia mtu huyu. Mimi ni nani nimwite mzigo?" Ukawa unamwogesha kabla ya kwenda kazini, na tena uliporudi.

Ulipoondoka, shemeji akabaki mikononi mwangu. Namwinua, namwogesha, namlisha, namfulia. Mgongo umenikataa. Watoto wakipiga simu wananisifu, "Mama, wewe ni chuma." Chuma nacho hushika kutu. Kiti chake kiko kulia kwangu ili nimfikie vizuri na kijiko, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa zamu yangu kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Sikupata sababu. Nikawa nasema "Amina" tupu, tunakunywa chai. Baadaye hata hiyo Amina niliiacha.

Mwezi uliopita nilimtafutia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ni pazuri. Shuka nilizikagua mwenyewe, ungeridhika. Tukapanga aende Jumatatu inayofuata kumbukumbu yako, na watoto wakakubali upesi, bila swali. Nilipomwambia yeye, aliitikia kwa kichwa, akageukia dirishani.

Alhamisi ya wiki iliyopita kitindamimba alitoka mapema kwenda kazini, mezani tukabaki wawili. Mkiwa wawili hakuna kiti cha kukimbilia; kila mmoja ndiye wa kulia wa mwenzake. Nilikuwa nimeshika kijiko, nikamwona anahangaika na mdomo. Nikadhani amekabwa.

"Shemeji, vipi? Nikupe maji?"

Akakataa kwa mkono ule mzima. "Asante... Mungu," akasema, jasho linamtoka. "Kwa... shemeji. Jana... kanifokea. Maji... yakapoa. Akaenda... kupasha tena."

Ilikuwa kweli. Jana yake nilimfokea hadi majirani wakasikia. Habari ya maji yake ya kuoga nilikwisha kuisahau. Mwaka mzima nimejiona mwanamke mwenye makelele na mikono ya kusukuma tu, kumbe palikuwa na mtu anaona na hilo lingine. Nikaweka kijiko chini nikalia, yeye akiningoja. Kisha nikasema, "Asante Mungu kwa shemeji, kwa kuwa ameniona." Najua, si sababu ya jana, ni ya asubuhi ileile. Nadhani ungeipitisha.

Siku hiyohiyo niliwapigia watoto wote kwa simu moja, nikawaambia baba yao mdogo haendi popote. Kifungua mimba akashusha pumzi. "Afadhali, mama. Tulijua tu utaweza."

"Siwezi," nikamwambia. "Ndiyo maana nawapigia. Mimi pia ni zawadi ya Mungu, na nyinyi mmenifanya tambara la kudekia."

Ndipo wakaanza kugawana siku.

Kitindamimba akanisimulia kwamba uliwahi kumtembeza kazini kwako, ukamwonyesha kila kitanda kina shuka tatu: moja kitandani, moja kwenye maji, moja kabatini imepumzika. Isiyopumzishwa, ulimwambia, huchanika kabla ya siku zake. Mume wangu, hayo ya shuka uliyajua vizuri. Lakini wewe ulikuwa na zamu za hospitali, na mdogo wako asubuhi na jioni, nami nikilala usingizi wangu. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yako pale mezani kila siku, kwa sababu za kweli kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuambia: keti, leo namwogesha mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Tusamehe.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo; kifungua mimba wetu na mkewe, ambao wamechukua Jumamosi na Jumapili; binti yetu wa katikati, mwenye Jumanne na Alhamisi; kitindamimba, ambaye jioni zote ni zake na ameanza kulalamika; wenzako wa chumba cha kufulia; na mdogo wako, aliye hapa hapa, nyumbani kwake.

Kesho ni Jumamosi. Kifungua mimba amefika tangu jana kujifunza joto la maji. Ya kwanza aliyoyapima yangefaa kunyonyolea kuku, lakini anaendelea vizuri.

Daima tutakukumbuka. Mimi, kesho, nitakukumbuka nikishaamka.