Simu Niliyompigia Baba

Kituo cha Mifugo,
Rujewa, Usangu.
11 Machi 1976

Dada yangu Regina,

Kamwene, dada. Mmeamkaje huko Ipogolo? Shemeji hajambo, na watoto je? Kile kikohozi cha mtoto wa mwisho kimetulia, au bado mnamsugua kifua na mafuta kila jioni? Mimi kwa upande wa mwili ni mzima, nakula na kazini naenda. Habari za moyo nitakueleza humu ndani, nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Jana uliposhika simu pale ofisi ya usharika hatukupata hata kusalimiana kama ndugu. Ulisema, "Huyu hapa Baba," halafu nikasikia mlango. Kwa hiyo hujui yaliyopita baada ya hapo. Ndiyo maana naandika leo, mvua inanyesha na wafugaji hawajaja, ofisi nzima niko mimi na bati linalopigwa.

Simu ilifungwa hapa ofisini mwezi wa kwanza na fundi wa Posta kutoka Mbeya, jina lake Didas, mtu mwembamba anayeimba akiwa juu ya nguzo. Nguzo zenyewe zilisimikwa tangu kiangazi. Mzee Budeba, mmoja wa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, alikuja kumwambia Bwana Mifugo kwamba aliyejenga lile zizi hajui kazi, miti imeachana mno na waya ni mmoja, hata ndama atapita. Tulicheka mpaka tukalia, na yeye tulipomweleza akacheka kutushinda.

Didas aliiweka simu juu ya meza yangu kwa sababu Bwana Marcelino, ndiye huyo Bwana Mifugo mkubwa wangu, yuko joshoni akiogesha ng'ombe muda mwingi. Ni nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, na ubavuni ina kipini cha kuzungusha. Chini ya meza kuna kisanduku cha betri, na nje ya dirisha amepigilia chuma ardhini kilichoungwa na waya. Aliniagiza chuma hicho nikimwagilie maji jua likiwa kali, maana ardhi ikikauka na sauti hukauka. Nilidhani ananitania kwa kuwa mimi ni mwanamke wa taipureta. Siku moja ya jua kali nikakiacha makusudi, na kweli nikawasikia watu wa Mbeya kama wanaongea ndani ya mtungi. Tangu hapo nakimwagilia kama mchicha.

Kuitumia si kazi. Unazungusha, unanyanyua mkono wa simu, unangoja opereta wa Mbeya akuulize unamtaka nani. Ukimaliza unarudisha chini na kuzungusha tena kidogo, ili ajue umeondoka. Usipozungusha, laini inabaki wazi.

Opereta anayenipokea mara nyingi ni dada mmoja, Lusia. Siku ya kwanza aliponisikia nasema namba akaniuliza kama mimi si mtu wa Iringa. Kumbe kwao ni Kalenga. Dada, sijui nikuelezeje. Huku watu ni wema, Nyamizi mke wa Budeba huniletea maziwa bila kuombwa, lakini yeye na wenzake wakikaa wanaongea Kisukuma, Wasangu wanaongea Kisangu, na Kiswahili tunakutana nacho kama watu wanaokutana sokoni, kila mtu anachukua haja yake na kuondoka. Kwa siku nyingi Kihehe nilikuwa nakisema peke yangu nikipika. Na nchi yenyewe ni tambarare, tambarare mpaka macho yanachoka. Mtu aliyelelewa chini ya ile miamba yetu hapa hana pa kuegemeza macho. Basi Lusia akiwa hana kazi nyingi hunisalimia kwa Kihehe, maneno mawili matatu, halafu ananiunganisha. Sijawahi kumwona uso. Lakini nikifunga ofisi jioni, sauti yake ndiyo naondoka nayo.

Yeye ndiye aliyenitia wazo. Aliniuliza kama nyumbani nina mzazi, nikasema ninaye baba. Akauliza kama nimeshaongea naye. Nikamweleza kwamba barua zako zote zinasema Baba hajambo anakusalimu, Baba hajambo anakusalimu, lakini ule mstari wake mwenyewe aliokuwa akiuchora chini ya barua kwa penseli, herufi kubwa kama za ubao wa duka, sijauona tangu msimu wa mavuno. Nilifikiri amenikasirikia. Nilifikiri hasira hiyo ilizidi niliposhindwa kuja Krismasi. Lusia akasema, basi mwandikie dada yako amlete kwenye simu, mzee akisikia sauti ya mwanawe hasira itaisha yenyewe. Nikakuandikia. Ulivyokawia kujibu nilizidi kuamini kwamba Baba anakataa.

Mwishowe ukanipa siku, na jana Bwana Marcelino alinipa ruhusa, akaenda zake joshoni ili niwe huru. Lusia aliniunganisha na Iringa, Iringa wakaniunganisha na usharika, wewe ukasema maneno yako, mlango ukalia. Nikaita, "Haloo? Baba? Ni mimi Tekla." Kimya. Nikamwamkia kwa Kihehe. Nikasikia kama upepo kwenye waya, halafu mlio fulani, te, te, kama unaosikika opereta anapochomeka waya zake. Nikaita tena. Te, te. Nikamwambia, "Baba, kama umenikasirikia niambie." Hakuna neno.

Regina, Baba yetu unamjua. Mtu ambaye akiimba besi kanisani madirisha yanaitikia. Mtu ambaye akinitania kutoka ng'ambo ya mto Ruaha mdogo nilikuwa namsikia neno kwa neno. Nilijua hawezi kushika kitu cha kusemea akanyamaza. Nikaamini kwamba ameweka simu mezani na kutoka nje, kwamba nimeachiwa meza na ukuta. Ningerudisha mkono wa simu na kuzungusha. Sikuzungusha. Niliushika hivyo hivyo sikioni, nikaanza kusema peke yangu, kwa Kihehe, kama ninavyosema nikipika.

Na haya ndiyo niliyoyasema, ambayo sijamwambia mtu, hata wewe.

Nilisema Faustin ameondoka. Aliondoka mwaka jana kwenda Nyololo kuendesha gari la mbao, akaahidi atarudi tupange harusi. Mara mbili alituma salamu kwa madereva, halafu zikakoma. Mwezi wa kumi dereva mmoja alinywa chai hapa ofisini, akamsifu Faustin, akasifu na mke wake Kalista anayeuza vitumbua karibu na barabara, na jinsi tumbo lake lilivyo kubwa. Nilimwongezea chai. Nilisema kwenye simu kwamba sikuja Krismasi kwa sababu nisingeweza kuingia kanisani kwetu nikaulizwa na akina mama harusi ni lini. Nilisema Jumapili hapa ni ndefu. Nilisema naandika kwenye barua "Faustin anawasalimu" kwa mkono wangu mwenyewe, na nikimaliza kuandika nakaa naitazama. Nikalia, dada, nimeshika kile kidude cheusi, nikilia kama mtoto aliyefungiwa nje.

Halafu sauti ya Lusia ikaingia, taratibu. Akasema, "Tekla, usikate." Nikamwambia hamna mtu, walishaondoka. Akasema, "Yupo. Laini ni safi kabisa. Nimemsikia anapumua muda wote, na sasa analia." Nikamwuliza kama yupo mbona hasemi. Akanijibu kwamba bibi yake alikuwa hivyo, ulimi ukiwa umepooza. Akasema ule mlio wa te, te si wa mtambo wake. "Ni yeye. Alikuwa anakuita jina."

Nikaweka sikio tena. Nikasema, "Baba?" Akasema, "Te."

Nilichomjibu sikumbuki. Nakumbuka muda uliisha, Iringa wakakata, na Lusia akabaki kwenye laini mpaka mtu mwingine alipomwita.

Sasa dada, sikulaumu. Nimekaa nayo tangu jana na sijapata hasira. Najua ulitoka nje kwa sababu hukuweza kutazama. Najua uliniandikia "Baba hajambo" ukiwa umetoka kumlisha na kumfuta mdomo, ukihofu kwamba nikijua nitaacha kazi, na kazi hii ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wewe umekuwa ukinitumia salamu za mtu asiyeweza kusema, na mimi nikakutumia salamu za mtu asiyekuwepo. Kila mmoja alikuwa akimfunika mwenzake blanketi, na sote wawili tulikuwa tunalala na baridi. Tuache, dada. Niandikie ukweli: ilimpata lini, upande gani umeshikwa, anatembea au anabebwa, usiku anahangaika au analala. Niandikie na wewe mgongo wako ukoje, maana Baba si mwepesi.

Nimemwomba Bwana Marcelino likizo. Hakuuliza mengi, alisema chanjo ya ng'ombe ikimalizika mwisho wa mwezi niende, na nisihesabu siku za kurudi. Nitakuja kwa basi la Mbeya, nitashuka hapo Ipogolo kwa miguu yangu, na akina mama wa kanisa wakiniuliza habari za harusi nitawaambia haipo. Nimeshaisema mara moja, ya pili itakuwa nyepesi.

Kabla ya hapo, Jumatano nitapiga tena. Usimlazimishe aseme. Mketishe vizuri, umwekee mkono wa simu kwenye sikio lile lililo zima, mimi nitasema na yeye asikilize. Nitamsimulia habari za mzee Budeba na zizi la waya mmoja, atapenda. Na wewe usitoke nje, dada. Kaa naye.

Mpe Shemeji heshima zangu, watoto wabusu vichwa. Mchungaji mwambie namshukuru kwa simu yake. Baba nimeshamsalimu mwenyewe, na ameitikia.

Mungu awalinde usiku na mchana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Tekla