Sahani ya Mwalimu

Mjukuu wangu Rukia,

Asalaam aleikum. Huku Tibirinzi sote wazima. Mwanangu mdogo kaota meno, hanipi usingizi. Umeniuliza kama nami niliwahi kuogopa skuli. Wallahi, bibi yako huyu asiye na mvi, mdogo wa bibi yako mzaa mama, aliumwa tumbo kila asubuhi kwa hofu tu.

Nilipokosa skuli wiki nzima, mwalimu akatuletea sahani ya vitumbua. Mama akaijaza muhogo wa nazi. "Hatumrudishii tupu. Kampe mwenyewe."

Mlangoni mwa darasa nikasimama na sahani mkononi. Mwalimu akacheka: "Wote huu nile peke yangu? Njoo tusaidiane, bibi we!" Nikakaa karibu naye mpaka kengele. Akanirudisha na sahani ya maembe. Kesho yake, muhogo tena! Mama akalalama, "Mwalimu huyu atanimalizia konde!" Lakini aliendelea kujaza.

Siku moja, katikati ya hesabu, nikakumbuka kuwa sahani nimeiacha nyumbani, na tumbo wala haliniumi.

Vileja, vile vibiskuti vya samli, nilivyompa mjomba wako kwenye sahani akuletee ni vya mwalimu wako. Kampe mkononi, hata kama unaogopa. Mwambie sahani ni yangu, naitaka. Ikirudi nitaijaza tena.

Bibi yako,
Mwanaisha