Alama Iliyoachwa Wazi

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa, kama vile nasubiri uitikie. Basi naendelea.

Bado niko Itigi, bado napakia magunia stesheni, mgongo unauma upande uleule. Nyumbani Mama amehamia chumba cha mbele, kile chenu amekifunga. Mbwa wako alilala mlangoni siku nyingi, halafu akahamia kwa jirani. Sikumlaumu.

Kuna jambo sikulisema msibani. Ile Alhamisi uliponipigia simu, uliuliza tu kama huku mvua imenyesha. Sauti yako ilikuwa imepungua. Moyo uliniambia nenda. Nikamuuliza nyapara, akasema, "Wazee ndivyo walivyo, atapona." Nikawauliza wenzangu, wakasema subiri wiki iishe. Nikasubiri. Nilifika nyumbani Mgori Jumatatu, udongo wa kaburi lako bado mbichi. Watu walidhani nalia kwa sababu umekufa. Nililia pia kwa sababu nilijua. Nilijua, Baba, halafu nikaenda kuwauliza watu wasiokufahamu.

Nimekuwa hivyo tangu zamani. Unakumbuka tulivyokuwa tunatundika mizinga ya nyuki? Mimi juu ya mti nauliza, "Baba, niufunge hapa?" Nawe unajibu, "Wewe uko juu, mimi niko chini. Unaonaje?" Nililichukia jibu hilo. Nilitaka uniambie tu.

Mwezi uliopita Mzee Saidi, mrina asali ambaye nimepanga chumba kwake, alinipa gogo nichonge mzinga, nikautundike porini karibu na yake. Nilipomaliza nikapasha chuma moto, nikachoma alama yako, mistari miwili na nukta katikati. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe kama nyumbani. Mzee Saidi akauliza ni alama ya nani. Nikasema ya baba. Akaipapasa kwa kidole.

"Mwanangu, mwenye alama hii yuko kaburini. Watu wakiuliza mzinga huu wa nani, utamwita atoke ajibu?"

Nikaona aibu. Babu alipokufa, wewe mwenyewe uliiacha mizinga yake na alama yake, ile mipya ukaichoma alama yako. Nilikuwepo, nikasahau. Nikachukua tezo nikaichonga alama yako mpaka ikaisha. Ilikuwa kama kukuzika, na safari hii nilikuwepo.

Ikabidi nitafute yangu. Kila mapumziko nilikaa nyuma ya ghala na kipande cha mkaa, nachora kwenye maboksi. Wenzangu wakanicheka, "Fundi, umerudi darasa la pili?" Nikawaambia niliishia la tano, wasinishushe. Nilichora jembe. Nikachora jani, nikachora reli. Nikitazama vizuri, kila mchoro una mistari yako miwili imejificha ndani. Nataka kujichora mimi, mkono unakuchora wewe. Nilikasirika nikachana boksi.

Siku moja nilichoka kutafuta kitu kizuri. Nikachora tu ile safari yangu ya Mgori. Mstari umetoka mahali, ukazunguka kurudi, ukakomea kabla ya kugusa ulipoanzia. Nikautazama mpaka kengele ya kazi ikalia. Haukunipendeza. Lakini nilijijua. Ni mimi yule, nimeondoka Mgori, narudi, sijafika.

Nilipokuwa nauchoma kwenye mzinga, Mzee Saidi akasogea. "Imeachia hapo. Funga, ikamilike."

Chuma nilikuwa nimeshakiinua, Baba. Nimezoea kutii. Ndipo nikakusikia kama uko chini ya mti: unaonaje?

"Hapana, mzee," nikasema. "Inabaki hivyo."

Akacheka. "Haya, mwenye mzinga."

Mzinga uko juu sasa. Nyuki bado hawajaingia. Ila nikipita chini yake natazama juu, na sioni haja ya kumuuliza mtu kama umekaa sawa.

Nakuandikia leo kwa sababu jana Mama alipiga simu. Aliuliza kama huku mvua imenyesha. Sauti ilikuwa imepungua vilevile kama yako.

Sikumuuliza mtu. Nilimwambia tu nyapara kwamba kesho asubuhi naondoka. Akasema nikirudi nisitegemee kumkuta ameniwekea nafasi. Sawa. Naogopa, sikufichi. Labda Mama ni mzima, watanicheka. Wacheke. Begi liko mlangoni.

Nikifika nitamwona Mama kwanza, nije kwako baadaye. Najua hutakasirika. Mizinga yako itabaki na alama yako, sitaigusa kwa chuma. Na moyo ukiniambia nenda, nitakwenda, hata nikiwa peke yangu ninayeona hivyo. Hilo nakuahidi, ingawa wewe ndiye uliyestahili kulipata kwanza.

Lala salama, Baba.

Mwanao niliyechelewa,
Elia