Baba Hayumo Kwenye Kanuni

4 Machi

Shikamoo Baba,

Waendeleaje tangu ulipoanguka? Goti limepungua uvimbe? Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauko sawa.

Nimerudi ofisi ya afya kuomba uje tuishi wote. Ofisa akanisomea kanuni: nyumba ya serikali ni ya mtumishi, mwenzi wake na watoto wake, basi. "Sista, olewa leo, kesho mumeo ahamie. Baba hayumo." Nikamwambia mume sijamwona bado, baba ninaye. Akacheka. Na hapa kijijini penye kituo chetu cha afya, nyumba ya kupanga hutafuti ukapata.

Hospitali binafsi ya mjini inanitaka. Wao hawaulizi naishi na nani. Mkunga mwenzangu alishakwenda, nimebaki peke yangu. Wanataka jibu mwisho wa Juni. Siwezi kukuacha uanguke tena bila mtu, Baba. Naacha kazi.

Binti yako

15 Machi

Marahaba mama,

Goti halijambo, linalalamika tu kama mwenye nyumba wangu. Wewe je, unakula?

Usiache kazi kwa ajili yangu. Nimeshona mashati ya watu mpaka macho yakachoka ili usome ukunga, na sikushona ili uzalishe wenye pesa tu. Kanuni imekataza kuishi, kutembea haijakataza. Mwezi ujao nakuja nikuone.

Baba yako

9 Mei

Mama, u mzima?

Nimerudi salama. Majirani nimewasimulia siku ile ya mkaguzi wa nyumba, wamecheka mpaka machozi. Badala ya kusema baba kaja kutembea, ukababaika: "Huyu ni mgonjwa wangu!" Kumbe mkaguzi mwenyewe ni daktari. Mara nikajikuta nimelazwa wodini, napimwa presha, naulizwa nimepata choo lini.

Lakini nashukuru kulazwa. Nilikuona ukitoka kwa mjamzito huyu kwenda kwa yule, jasho linakutiririka, na mama wa mapacha kakukamata gauni hataki kuliachia. Nikajiuliza, ukiondoka, huyu atamshika nani?

Sasa nikwambie usilolijua. Ulipoingia chumba cha kujifungulia, nilimwita yule daktari. "Siumwi," nikamwambia. "Mimi ni baba yake, na kwa sababu yangu mtampoteza." Nikamweleza yote. Akasema, "Kanuni sikuitunga mimi, ila ripoti naandika mimi."

Ngoja kidogo, mwanangu.

Baba yako

24 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Nimengoja, kimya. Mjini wanataka jibu Ijumaa.

Nina hasira, Baba. Kila mkutano wakubwa wa afya wanalia kwamba wakunga wanakimbia, na wanaotufukuza ni wao wenyewe. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Alhamisi naipeleka. Nisamehe.

Binti yako

2 Julai

Shikamoo Baba, na shikamoo tena!

Alhamisi nimevaa niende, nikasikia pikipiki uani. Ofisa yule yule, na waraka mkononi. Kwa vituo vyote vya mbali, mtumishi sasa anaruhusiwa kuishi na mzazi anayemtegemea! Yule daktari aliwauliza walioacha kazi kilichowaondoa, kumbe wenye wazazi wa kutunza tulikuwa wengi. Nikalia mbele ya ofisa bila aibu. Naye akajifanya anakagua tairi.

Mjini nimewaambia hapana. Mwenzangu naye kapiga simu kuuliza kama nafasi yake bado ipo, maana ana mama yake. Njoo Baba. Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa, mwanga wa kushonea upo tele.

Binti yako

10 Julai

Marahaba mama,

Nimefurahi mpaka nimekosea kushona mkono wa shati la mteja, nikauweka nyuma mbele. Cherehani nimeifunga kwenye blanketi, mwenye nyumba nimemrudishia ufunguo wake.

Barua hii usiijibu. Kuanzia Jumamosi utaniamkia kwa mdomo.

Baba yako