Nilimtuhumu Mke Wangu kwa Ada ya Klabu

Shangazi mshauri,

Naomba unisikilize kwanza ndipo unikaripie. Mimi ni fundi wa lifti, mke wangu ni mkunga, tuna miaka kumi na moja ya ndoa na kadi mbili za mkopo kwenye akaunti moja, yangu na yake. Mwezi uliopita nilikuwa napitia taarifa ya benki nikaona "Karibu Zaidi Klabu, ada ya uanachama", nikarudi nyuma nikaikuta miezi mitatu mfululizo, na mimi klabu hiyo siijui, basi nikajiambia kumbe zamu zake za Jumapili si zamu, na badala ya kumuuliza tukiwa wawili nikangoja mpaka mama yake na dada yake walipokuja kututembelea, nikaiweka ile karatasi mbele yao sebuleni nikasema, "Haya, mwambie mama yako unakwenda klabu na nani."

Mke wangu aliisoma mara mbili. "Siijui hii," alisema. "Umepiga simu benki?"

Nikamwambia asinifundishe kazi. Mama mkwe akainuka bila kumaliza chai, mke wangu akafungasha sare zake, wakaondoka wote watatu.

Siku ya nne ndipo nikapiga simu benki, tena nikitafuta ushahidi wa kumkomesha. Yule dada wa benki aliniuliza tarakimu nne za mwisho za kadi yangu, akasema, "Baba, iliyokatwa ni hiyo hiyo ya kwako." Kumbe klabu ni ya duka la mtandaoni nilikonunua bandeji ya goti, nikabonyeza kukubali kuletewa mizigo bure mwezi mmoja, mwezi ulipokwisha wakaanza kukata.

Jumamosi hii wazee wa pande zote mbili wanakutana kwa mama mkwe. Nimefikiria kusema benki ilikosea, tucheke, yaishe. Rafiki yangu naye anasema mwanaume hajianiki mbele ya wakwe. Nifanyeje?

Fundi wa lifti

*

Fundi,

Pole kwa goti, ila kilichohitaji bandeji ni mdomo wako. Uliona jina usilolijua, na badala ya kuuliza limetoka wapi ukaenda moja kwa moja kwenye zamu za mtu anayezalisha wake za watu Jumapili wewe ukiwa umelala kwenye kochi. Yeye aliuliza swali moja tu la maana, ukamfokea.

Usithubutu kuisingizia benki. Wala usiwaambie umeibiwa ilhali ulibonyeza mwenyewe. Leo hii ingia kwenye lile duka, futa uanachama, wadai wakuthibitishie kwa maandishi, uwaombe wakurudishie ada za miezi ambayo hukuagiza kitu. Wakikataa, hasara hiyo imeze. Wakikata tena baada ya kukuthibitishia, hapo sasa wapelekee benki maandishi hayo na uyapinge malipo. Siku nyingine angalia kwanza ni kadi ipi iliyokatwa, kisha piga simu, kisha ndipo ufungue mdomo.

Jumamosi usiingoje. Mkeo hapaswi kuusikia ukweli huu kwa mara ya kwanza akiwa amezungukwa na wazee. Nenda leo, omba kuonana naye peke yake, umwambie: "Ilikuwa kadi yangu. Nimekukosea." Nyamaza hapo. Usilete habari za goti, usiweke "lakini", na usimwombe arudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jumamosi simama useme maneno hayo hayo mbele ya mama yake na dada yake, maana ni mbele yao ulipomchafulia jina. Huyo rafiki yako anaogopa wewe kujianika. Ulipomwanika mkeo mbele ya mzazi wake, alikuwa wapi?

Halafu jiandae, kwa sababu atakuuliza: "Na kama ingekuwa kadi yangu kweli, ungenisikiliza?" Ninyi wote wawili mnalijua jibu. Mpe hilo hilo.