Kiti Kilichozoea Kilo Zako

Shemeji yangu Kambale,

Nimechoka, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Tangu tukuzike, wanajeshi wa pale kwenye kizuizi cha barabara wamebadilika mara mbili, na kila kundi linauliza maswali yale yale. Dada yangu Kavira, mke wako, anakula kidogo tu. Ile motori uliyoifuata Bungulu ilifika. Watu wa lori waliileta ikiwa bado imefungwa ndani ya koti lako. Kupigwa risasi njiani kwa ajili ya motori ya kufutia vioo vya gari! Nakukasirikia hadi leo.

Niliifunga. Kiti chako cha mbao cha kuigiza ndege sasa kinainama mbele na nyuma, tena kushoto na kulia.

Unakumbuka tulivyoanza? Kavira alipanda ndege mara moja pale uwanja wa Rughenda, akatapika, akaapa: "Miye siingii tena mu ndege, ata munifunge kamba!" Ukasema utamzoeza nyumbani. Ukang'oa butoni za sauti kwenye redio mbovu, ukazifunga chini ya kiti ili ziiambie motori kimefika wapi. Mimi nilitaka nguvu nyingi. Kiti kikapita mahali pake, kikarudi, kikapita tena, kikatetemeka nawe juu yake, meno yanagongana, ukapiga kelele: "Hapana kulazimisha! Acha ikuje polepole!" Ukapunguza butoni nyingine, ya nguvu ya motori, ukaongeza ile ya breki, kidogo kidogo, hadi kikatulia. Kisha ukatia tone la rangi ya kucha ya Kavira juu ya kila moja, nisiziguse.

Sikuzigusa. Hata motori ya pili niliiwekea vipimo vile vile.

Sasa binti yenu Masika anakaribia kujifungua kule Goma, na lazima mama yake afike. Jumamosi Kavira alikubali kukaa. Nikavuta mkono wa kuongozea. Kiti kilichozoea kilo zako kikamrusharusha, mwanamke mwepesi vile, hata akashuka analia: "Muache. Nitapita njia ya Kirumba na bantu ba lori." Barabarani, Kambale! Baada yako!

Nikachukua kisu nikwangue ile rangi. Mkono ulikataa. Nikakaa chini, nikalia, halafu nikaikwangua. Nikapima gunia la maharage lenye uzito wake, nikaliketisha, nikahangaika nalo siku tatu. Kikatulia vizuri kabisa. Akapanda mwenyewe, kikatetemeka tena. Gunia haliogopi. Dada yangu akihisi kiti kinainama, anajisukuma upande mwingine, na motori inashindana naye. Ikabidi akae pale pale huku nikizungusha butoni, naye ananikaripia: "Katembo, punguza! Bado! Punguza basi!" Jana kiliinama, kikafika, kikakaa. Akafungua macho. Akapapasa mbao za pembeni ulipokuwa ukishika.

Kile kiti hakikujui tena, shemeji. Ukikikalia leo kitashindwa kukuinua hadi mwisho. Nimekufuta kwa mkono wangu mwenyewe, na ninaumia. Nisamehe.

Na kuna jambo sikukuambia. Kila ulipouliza ni nani atakaa tukijaribu, nilisema, "Weye mukubwa, anza." Ukadhani ni heshima. Mimi pia naogopa ndege, pengine kumshinda Kavira, na miezi yote ile nilikuwa nikimcheka mbele yako. Sasa anasema atasafiri Alhamisi ijayo, lakini kwa sharti moja tu: nikae kando yake.

Nakuahidi nitapanda. Nikitapika, basi ni zamu yake kunicheka. Pumzika, Kambale. Dada yangu hatapita barabarani.

Ni mimi shemeji yako,
Katembo