Mwenye Pombe Huonja Kwanza

Zahanati ya Kijiji,
S.L.P. Morogoro.
11 Mei, 1980.

Kaka Laurenti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Anastasia na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba kimeshapoa. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo, analala kidogo. Jana alikwenda mwenyewe kupalilia maharage, nami nikamshukuru Mungu. Masika haijakatika na barabara ya kushukia mjini imebomoka tena, kwa hiyo hakuna anayekusema kwa kukosa mazishi. Hata wajomba wameelewa, na wewe unawajua wajomba zetu.

Barua yako ameileta Mikidadi, yule mnunuzi wa ndizi wa Mwembesongo, ambaye ndiye aliyeleta pia lile kopo la dawa. Nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba hulali. Kwamba wenzako kazini wanasema aliyekupatia vile vidonge alikupa chokaa, na kwamba mdogo wetu Gabrieli amekufa kwa dawa bandia uliyoituma wewe. Kaka, ningeweza kukaa kimya na mengine yote, lakini hilo siliwezi. Dawa bandia ilikuwepo nyumbani kwetu. Haikutoka kwako.

Unakumbuka Gabrieli alivyorudi kutoka hospitali ya Dodoma. Sauti zilizokuwa zikimsema darini zilikuwa zimenyamaza, na kila jioni alikinga kiganja mbele yangu kupokea kidonge chake kama mtu anayepokea komunyo. Mwezi wa Oktoba vidonge vikaisha. Baada ya vita hii kila kitu kimekuwa cha kutafuta kwa tochi, sabuni, chumvi, seuze dawa ya kichwa. Nilishuka mjini kwa miguu mara mbili nikarudi mikono mitupu. Jioni ya kwanza bila kidonge alitetemeka mpaka mama akaanza kusali. Ndipo nikaenda zahanati, nikachota vile vidonge vyeupe vya vitamini tunavyowapa wajawazito, nikampa. Akalala kama mtoto mchanga.

Nilisema ni kwa siku mbili tatu. Ikawa miezi mitano. Alilima matuta ya kabichi, akaenda shamba la ujamaa siku za zamu bila kusukumwa, Krismasi akaimba kwaya, na mama akaanza kuulizia binti wa kumposea. Mimi nami kichwa kikavimba. Mhudumu wa zahanati, darasa la saba, nikajiona nimewashinda madaktari wote wa Dodoma. Nikaacha kabisa kutafuta dawa. Uliponiuliza kwenye barua ya Januari kama zinatosha, nilikujibu kwamba zinatosha. Huo ulikuwa uongo, nisamehe.

Jumatano moja ya Machi, siku ya kliniki, Gabrieli alinibebea benchi mpaka barazani. Nilikuwa namhesabia vidonge Semeni, yule jirani yetu, mimba yake ikiwa ya miezi saba. Gabrieli akachukua kimoja kiganjani mwa Semeni. Akakigeuza, akakilamba. Akanitazama kwa upole, mbele ya akina mama wote, akaniuliza, "Dada, na mimi mimba yangu ni ya miezi mingapi?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Haikupita wiki, sauti zikarudi, na safari hii zilirudi na sauti yangu ndani yake. Alisema ananisikia darini nikimcheka. Ndipo nikakuandikia ile barua ya haraka, nawe ukahangaika, na wiki ya pili baada ya Pasaka kopo likafika. Nilifurahi kupita kiasi. Lakini Gabrieli hakugusa. Mama alimbembeleza, padre alimbembeleza, wapi! Alisema hata vidonge hivyo ni vya wajawazito, tumebadilisha kopo tu. Siku tatu hakulala, na mimi na mama hatukulala.

Siku ya nne, saa sita mchana, mama alikwenda zamu ya shamba la ujamaa, tukabaki wawili. Nilimpigia magoti, kaka. Nilimwambia hii ni dawa ya kweli, imetoka kwa kaka Laurenti. Akanijibu bila hasira, "Mwenye pombe huonja kwanza."

Wewe unajua. Hakuna Mluguru atakayepokea kata ya pombe kabla aliyeileta hajapiga funda mbele yake. Hata mama mzazi huonja. Nilikitia kidonge mdomoni, nikameza, nikampanulia kinywa akaona. Akasema haya, ngoja tuone. Akaketi mkabala nami, akanitazama.

Nilijua dawa ile ni nzito. Nilijua, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nikadhani kimoja hakiwezi kumwangusha mtu mzima asiye mgonjwa, nikasahau siku tatu za kukesha. Ninachokumbuka ni miguu kuwa mizito na ulimi kukauka. Mama aliporudi jioni alinitikisa, nikagugumia, akaniacha akidhani ni uchovu. Nilizinduka asubuhi. Gabrieli hakuwepo. Walimkuta siku ya tatu mtoni, chini ya yale maporomoko.

Hayo ya mtoni uliyasikia. Kijiji kizima kinasema sauti zilimwita, na padre alimzika kama mtu aliyeteleza. Sasa nakuambia ambalo hata mama halijui.

Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa chali, miguu imenyooshwa, nimefunikwa kanga mpaka usoni, na rozari ya mama imezungushwa vidoleni mwangu. Nilidhani ni mama. Baada ya matanga nikamuuliza, akasema alinikuta hivyo, akaona ni maajabu ya Gabrieli tu, akaifunua kanga nipate hewa, kisha kwa ajili ya baridi akanifunika tena. Halafu Semeni akaja kulia kwangu. Mchana ule alimkuta Gabrieli njiani, analia kwa sauti, anasema, "Nimemuua dada. Nimemwonjesha, amekufa." Semeni akachungulia nyumbani, akanisikia nakoroma, akacheka akasema wazimu huo, akaendelea na safari yake ya kuni.

Hakufa kwa wazimu, kaka. Alinililia mimi.

Kopo nakurudishia kwa mkono wa Mikidadi, wapo wengine huko wanaolihitaji. Limejaa, kasoro kidonge kimoja. Usimlaumu aliyekupatia, na wewe ulale. Dawa yako ilikuwa ya kweli, mimi ni shahidi.

Kama mama aambiwe au asiambiwe, amua wewe uliye mkubwa. Mimi sithubutu tena kuamua jambo. Mwambie wifi nampenda, uwabusu watoto. Mama anakusalimu na anauliza kama utakuja mavuno ya maharage.

Ni mimi dada yako,
Yuliana